Ubuyu Si Tunda

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, Sostenes alishindwa kuinua mguu kuvuka kizingiti. Alikuwa anatoka chumbani kwenda uani, nyumbani kwa mama yake, Kongwa. Alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili, akautazama mguu wa kulia kwa muda, akajaribu wa kushoto, kisha akateleza ukutani hadi akakaa sakafuni.

"Dada," aliita. "Njoo uone. Miguu imegoma."

Loisi alikuja na funguo za gari mkononi. Alikuwa amelala hapo ili ampeleke mdogo wake Dodoma mjini, kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo za Sostenes zilikufa mwaka uliotangulia. Tangu hapo aliishi kwa dada yake, Miyuji, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa kwenye mashine kwa saa nne. Mwisho wa wiki alirudi kwa mama. Alisema anakwenda kupumzika, kwa sababu kwa Loisi hata mchicha unapandishwa mizani kama dhahabu.

"Inauma?"

"Haiumi. Haina nguvu tu. Kama ya kuazima."

Loisi alimshika kifundo cha mkono akahesabu. Mapigo arobaini na mbili kwa dakika. Akahesabu upya, akapata arobaini na moja.

Alikuwa afisa lishe kwa miaka kumi na minne, na alijua maana ya dalili hizo mbili zikija pamoja. Figo ndizo zinazotoa potasiamu mwilini. Zikifa, potasiamu hubaki kwenye damu. Ikizidi, misuli hulegea, na moyo nao ni msuli.

Lakini hesabu haikukubali. Sostenes hakuwa amekosa mashine hata siku moja. Vipimo vya Ijumaa vilikuwa vizuri. Ni vya Jumatatu ambavyo kwa wiki nne mfululizo vilirudi vikiwa juu, na kila Jumatatu juu zaidi ya ile iliyopita. Kitu kilikuwa kinaingia mwilini mwake siku hizo mbili za Kongwa, na Loisi alikuwa amekitafuta kila mahali. Alimhoji mama kuhusu maharage, kuhusu mboga, kuhusu chumvi za dukani. Kila mara mama alijibu bila kusita, na kila mara jibu lilikuwa sahihi.

Mama yao, Anna, alikuwa amepewa masharti na muuguzi wa kitengo cha figo siku ya kwanza kabisa. Muuguzi alimwambia: "Mama, huyu na matunda basi. Ndizi, chungwa, embe, parachichi, asiguse. Na maji vikombe viwili tu kwa siku." Anna aliyashika masharti hayo kuliko alivyoshika amri za kanisani. Jumamosi iliyopita jirani yake Mwamvua alileta kichala cha zabibu kutoka shambani. Anna alimzuia mlangoni.

"Rudi nacho. Unataka kuniulia mtoto?"

"Mama, punje tatu tu," Sostenes alisema kutoka ndani. "Tatu. Nihesabie mwenyewe."

"Hata ganda."

Mwamvua aliondoka na zabibu zake, akacheka kwamba nyumba hiyo siku hizi ina polisi wa matunda.

Asubuhi ile walimbeba Sostenes hadi kwenye gari wakiwa watu watatu. Loisi aliamua wasiende moja kwa moja mjini. Mwendo ni zaidi ya saa moja, na kwa mapigo yale alihitaji sindano kabla ya safari. Waliingia kituo cha afya kilichokuwa karibu. Tabibu wa zamu, Ibrahimu, kijana wa Kondoa, alimsalimia Anna shikamoo huku mikono yake ikiwa tayari kifuani kwa mgonjwa.

Mapigo yalikuwa thelathini na nane. Shinikizo la damu lilikuwa chini. Sukari nayo ilikuwa chini. Kituo hakikuwa na kipimo cha potasiamu, wala mashine ya kupima umeme wa moyo.

"Ni potasiamu, wiki nne sasa kila Jumatatu inapanda," Loisi alisema. "Mpe kalsiamu, kisha insulini na glukosi, tuondoke."

"Kalsiamu nitampa. Insulini, ngoja kwanza. Dawa yake ya presha ni ipi?"

Loisi alimtajia.

"Hiyo inapunguza mapigo. Akimeza mara mbili kwa kusahau, anakuwa hivi hivi. Sukari yake ni ndogo. Nikimchoma insulini na kumbe si potasiamu, nitakuwa nimeishusha zaidi." Akamgeukia Anna. "Mama, mwanao amekula matunda?"

"Hata moja."

"Hata kipande? Sema tu, hapa hakuna atakayekugombeza."

"Baba, nimekwambia hata moja. Muulize dada yake. Muulize Mwamvua niliyemfukuza na zabibu."

"Ni kweli," Loisi alisema. Ilikuwa kweli, na ilikuwa inamuua. Alitambua kwamba ukiacha vile vipimo vya Jumatatu, ambavyo karatasi zake zilikuwa mjini, ushahidi wote uliokuwepo chumbani ulikuwa upande wa tabibu. Mgonjwa alisafishwa Ijumaa. Chakula kilichemshwa na maji yakamwagwa ili potasiamu itoke. Matunda hayakuliwa. Mtu mwenye akili timamu angeilaumu dawa.

"Sosi, dawa ya presha umemeza ngapi?" aliuliza.

"Moja." Sauti ilikuwa nzito, ulimi ukichelewa. "Dada, mimi si mtoto."

"Wote husema moja," Ibrahimu alisema kwa upole, akimsukumia kalsiamu mshipani taratibu, macho kwenye saa ya ukutani. Mapigo yalipanda hadi arobaini na sita. "Umeona? Amepata nafuu. Tumwangalie nusu saa."

Loisi alijua kwamba kalsiamu haitoi potasiamu mwilini. Inaukinga moyo kwa muda mfupi tu, kisha muda huo unakwisha. Alisema hivyo. Ibrahimu alijibu kwamba analijua hilo, na kwamba bado anataka sababu. Hawakubishana kwa sauti. Mmoja alikuwa na hofu ya kukosea na mwingine ya kuchelewa, na hakuna aliyekuwa na kipimo cha kumwonyesha mwenzake.

Anna alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alifungua kikapu chake akatoa chupa ya chai na kikombe cha bati.

"Mnamchomachoma tu na tumbo tupu," alisema. "Hajatia kitu kinywani tangu jana jioni. Mwacheni anywe uji wake, ndio unaomtia nguvu."

Alifungua kizibo, akamimina. Uji ulikuwa mzito, mweupe wa kijivu. Alimwinua Sostenes kichwa kwa mkono mmoja. Loisi alikuwa upande wa pili wa kitanda, na harufu ilimfikia kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ilikuwa kali, ya uchachu.

Aliweka kiganja juu ya kikombe.

"Mama. Uji huu wa nini?"

"Wa uwele."

"Umeutia nini?"

"Sijautia maziwa. Mlikataza maziwa."

"Nimekuuliza umeutia nini."

"Ubuyu," Anna alisema. "Wa kuchachusha tu. Anywe nini sasa, uji usio na ladha?"

"Kiasi gani?"

Anna aliutazama mkono wake wa kulia, akaukunja kama anayeteka unga. "Kiganja. Kwa kila kikombe kiganja kimoja. Na vikombe ni viwili kwa siku, sijazidisha, nimefuata mlivyosema."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukonda. Mwezi sasa."

"Mama, tulisema asile matunda."

"Ubuyu si tunda!" Anna alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilipanda. "Lini umeona mtu amekaa anakula ubuyu akasema anakula tunda? Ubuyu ni unga. Ni kiungo. Matunda ni yale ya sokoni."

Hakuna nyumba katika ujirani ule ambayo ingembishia. Muuguzi alitaja ndizi, chungwa, embe na parachichi, na Loisi mwenyewe, katika wiki nne za kuhoji, aliuliza juu ya matunda, mboga, maharage na chumvi. Hakuuliza uji unachachushwa na nini.

"Gramu mia za zabibu zina potasiamu miligramu mia mbili hivi," alimwambia Ibrahimu. Aliongea haraka lakini kwa utaratibu. "Gramu mia za unga wa ubuyu zina kama elfu mbili. Mara kumi. Viganja viwili ni kiasi chote anachoruhusiwa kwa siku nzima, kabla hajagusa ugali. Jumamosi na Jumapili, na leo ni siku ya tatu bila mashine. Sababu ndiyo hiyo, daktari."

Ibrahimu alikuwa tayari anavunja kichupa cha glukosi.

Gari la wagonjwa la kituo liliondoka na Sostenes, tabibu, Loisi na Anna. Insulini ilikuwa imeingia, glukosi ilikuwa inaingia. Loisi alipiga simu kitengo cha figo, wakamwambia kitanda chake cha saa tatu kipo na wataandaa mashine mapema. Ilibaki barabara. Walipita Mbande. Kifaa kidogo kidoleni mwa Sostenes kilionyesha arobaini na nne, arobaini na tatu, arobaini na nne.

Anna aliketi amekumbatia kikapu.

"Ni uji?" aliuliza.

Loisi alifikiri kama kuna jibu lingine ambalo pia ni la kweli. Hakulipata.

"Ni uji, mama."

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha."

Ibrahimu aliinamisha macho kwenye dripu.

"Ulisimama mbele pale kwenye ukumbi wa kanisa," Anna aliendelea. "Ukaweka zabibu meza hii, ubuyu meza ile. Ukauliza kipi kina afya. Kina mama wote wakaonyesha zabibu, kwa sababu ndizo zinazouzwa kwa wageni. Ukawacheka. Ukasema zabibu ni maji na sukari. Ukasema ubuyu unazishinda kwa vitamini, unazishinda kwa madini, unazishinda kwa kila kitu. Mimi nilikaa mbele. Nilipiga makofi. Mwanangu alipoanza kukonda, nikasema, mwenye figo mbovu ndiye anayehitaji kinachoshinda."

"Nilisema kweli," Loisi alisema.

"Kweli gani inayoua?"

"Ile ile. Ubuyu una madini mengi kuliko zabibu. Mwenye figo nzima anapata faida, kinachozidi anakikojoa. Sosi hakojoi. Kwake yeye zile zabibu za Mwamvua, punje tatu, hata kumi, zisingemfanya kitu."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na aliona maneno yanavyompata mama yake. Anna alimgeukia Sostenes. Akasema kwa Kigogo, kwa sauti ya chini, kitu ambacho Ibrahimu hakukielewa. Alikuwa anamwomba mwanawe msamaha kwa zile zabibu.

"Mama, acha," Sostenes alisema. Midomo haikufunguka vizuri. "Polisi... wa matunda."

Baada ya hapo hakusema tena.

Walipopita Buigiri namba ilishuka hadi thelathini na tano. Ibrahimu alipiga kioo cha dereva mara mbili, akachukua kalsiamu ya pili. Mshipa ulikuwa umejificha na gari lilikuwa linaruka. Alikosa mara ya kwanza. Loisi aliushika mkono wa mdogo wake kwa viganja viwili na kuukaza kwenye goti lake ili usicheze. Namba ilikuwa thelathini na moja. Sindano ya pili iliingia. Thelathini. Thelathini na moja. Wakiwa Ihumwa, nyuma ya foleni ya malori, ilikuwa thelathini na nne na ikakataa kupanda zaidi.

Anna aliuliza kama kuna kitu anachoweza kufanya. Loisi alimwambia hakuna. Anna akaishika miguu ya Sostenes, yote miwili, akaendelea kuishika hadi mlango wa gari ulipofunguliwa mjini.

Mashine ilikuwa tayari. Damu ya kupima ilichukuliwa kabla ya kuunganishwa, na kabla mirija haijafungwa vizuri moyo ulisimama. Muuguzi alipanda kwenye kigoda akaanza kukandamiza kifua. Loisi na Anna walitolewa nje. Kupitia kioo cha mlango Loisi aliona mgongo wa muuguzi ukienda juu na chini, kisha akabadilishwa na mwingine, kisha Ibrahimu, ambaye hakuwa mfanyakazi wa pale. Anna hakutazama. Alisimama ameegemea ukuta, viganja vimeelekea juu, kama mtu ambaye mikono yake imechafuka na hana pa kuifutia.

Mtu aliyekuwa anakandamiza aliacha, akashuka kwenye kigoda. Loisi alishindwa kujua kama ameacha kwa sababu moyo umerudi au kwa sababu hautarudi. Kisha akaona mirija miwili ya mashine ikigeuka kuwa myekundu; damu ilikuwa inazunguka.

Jibu la maabara lilitoka baadaye: potasiamu ilikuwa nane nukta tisa, ambapo ya mtu mwenye afya huishia tano. Loisi alilisoma, akamrudishia mhudumu karatasi.

Saa sita na nusu daktari wa kitengo alifungua mlango. Alisema mapigo ni hamsini na nane. Alisema mgonjwa hajafumbua macho, na kwamba bado ni mapema, asingependa kuwaahidi lolote. Alisema alipoambiwa aminye kidole, ameminya.

"Mkono upi?" Anna aliuliza.

"Yote miwili," daktari alisema, akarudi ndani.