Chachandu Hataji Jina

Idarusi hakuwahi kuficha kitu katika ubeti wa mwisho. Ndivyo alivyojifunza mwenyewe, kwa kusikiliza redio na kusoma magazeti makuukuu ya kufungia maandazi. Mshairi akimaliza hoja zake hufunga kwa kujitaja, jina na makazi, ili anayetaka kumjibu ajue pa kumpata. Hakuna mtu aliyemfundisha mizani. Alizihesabu kwa vidole vyake vilivyounguzwa na cheche, kwani kazi yake ni kuchomelea mageti hapo Ngamiani, na alipozijua alizijua kwelikweli, na hakutaka mtu asahau kwamba anazijua.

Kwa hiyo alipoingizwa katika Baraza la Vina, kundi la wasapu la washairi wa Tanga na vitongoji vyake, alifunga beti zake kama alivyozoea, kwa herufi kubwa tupu:

*Jina langu Idarusi, Upanga wa Ngamiani,*
*Mlango rangi nanasi, nyuma ya msikitini,*
*Mama ni Binti Abasi, auza nazi sokoni,*
*Nawe kama si muasi, taja jina hadharani.*

Mstari wa mwisho ulimlenga Chachandu.

Chachandu ndiye aliyekuwa akimnyima usingizi. Watu wote barazani walijulikana. Ernesti alikuwa mwalimu wa Muheza, Anold fundi pikipiki, na Mzee Suleimani ndiye mwanzilishi na msimamizi wa kundi, mtu aliyeheshimiwa hata na wasiopenda mashairi. Chachandu peke yake hakuwa na uso. Penye picha yake palikuwa na kibakuli cha chachandu yenyewe, ile pilipili nyekundu ya kuchovyea, na kijiko. Alipigiwa simu, hakupokea. Namba yake haikuunganishwa na huduma ya fedha, kwa hiyo hata ile janja ya kujifanya unatuma hela ili jina la mtu litokee iligonga mwamba. Hakutuma sauti wala hakuandika usiku huohuo alipochokozwa. Ukimtukana Jumamosi, atakujibu Jumatatu, taratibu, kwa herufi ndogo tupu.

Na safari hii alijibu hivi:

*Punguza zako kelele, masikio yaniuma,*
*Herufi kubwa zilale, andika ndogo kwa wema,*
*Kwanza ugali ukale, hasira ikishazima,*
*Ndipo uje polepole, tushindane kwa hekima.*

Baraza zima lilicheka. Anold alituma vikatuni vya kulia kwa kicheko mpaka simu ya Idarusi ikawa moto. Kelele gani? Yeye aliandika tu, tena akiwa amekaa kimya kibarazani nyumbani kwao. Damu ikampanda, akabonyeza:

"IJUMAA HII, BAADA YA ALASIRI, NITAMTAJA CHACHANDU KWA JINA LAKE NA LA BABA YAKE. NISIPOMTAJA, MIMI SI UPANGA TENA."

Kiapo cha lakabu si mzaha kwa watu hawa. Ukiiweka rehani ukashindwa, hakuna atakayekuita hivyo tena. Unabaki na jina lako la cheti cha kuzaliwa, kama mtoto aliyeingia barazani kusikiliza, mpaka mshairi mwingine akuonee huruma akupe jipya. Baada ya muda Mzee Suleimani aliandika maneno mawili: "Kiapo kimesikika."

Hapo hakuna kurudi nyuma. Lakini tukiacha hilo la kiapo, jambo lililomkera Idarusi kuliko yote lilikuwa udadisi. Ni binadamu wa namna gani huyu, katika zama hizi ambazo mtu akila chipsi lazima dunia ijue, anayejificha hivi na bado anataka kusikika?

Alimwendea mjomba wake, Nasri, kinyozi, aliyekuwa akimpunguza mteja ndevu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunyoa au kulalamika?"

Idarusi akamsomea ubeti wa Chachandu. Nasri alisimamisha mashine angani.

"Rudia hapo pa herufi kubwa."

Akarudia. Nasri akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekutana na harufu ya zamani.

"Hiyo ni sheria, bwana. Mimi nilifokewa kwa hiyo hiyo. Wakati ule intaneti inaingia mjini, tulikuwa tunakwenda kukodi kompyuta pale karibu na posta ya zamani. Ukutani kumebandikwa boksi limefunguliwa, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Usiandike kwa herufi kubwa, ni kumpigia mwenzio kelele. Usitumie jina lako la kweli. Usiseme unakaa wapi. Usitume picha ya mtu hujamwomba. Ukikasirika, usijibu, nenda kale kwanza."

"Nenda kale kwanza?"

"Hiyo aliiongeza yeye mwenyewe, yule binti wa mapokezi. Nyingine alizitoa sijui wapi, za Wazungu huko. Ya ugali ilikuwa yake. Ukianza kugonga vitufe kwa nguvu anakuja nyuma yako, anakuuliza, 'Kaka, umekula?'"

Mteja mwenye ndevu nusu akauliza kama hizo sheria zilifutwa lini.

"Hazikufutwa," alisema Nasri. "Tulizisahau tu, kila mtu kwa wakati wake. Mimi jana nimeweka picha ya shemeji yako yuko wodini na dripu mkononi. Nilimwomba? Sikumwomba. Nimepata pole mia."

Idarusi hakuwa na haja na pole. Kumbe Chachandu alijificha kila mahali isipokuwa katika kule kujificha kwenyewe. Sheria ambazo mji mzima umeziacha, mtu mmoja anazishika zote, na kwa kuzishika amejitambulisha kama aliyeacha kanga yake mlangoni.

"Anaitwa nani huyo binti?"

"Asmahani. Aliolewa na kijana wa mashamba ya mkonge, Mkatoliki, wakafunga ndoa bomani, wakahamia Maramba. Ilikuwa kazi kweli. Maana baba yake, yule baba yake ni..."

Lakini Idarusi alikuwa ameshavaa viatu.

Aliazima pikipiki ya Anold, hakumwambia ya nini. Njiani mashamba yalizidi kuwa ya kijani na hewa kuwa nyepesi, na kichwani alikuwa anatunga ubeti wa kummaliza mtu. Maramba alimpata kwa kuuliza mara moja tu: mama mwenye steshenari, karibu na soko la ndizi. Alipofika mbele ya duka hakuweza kujizuia. Alisimama, akainua simu, akatabasamu, akajipiga picha na kuituma Barazani: "CHACHANDU, NIKO MLANGONI PAKO."

Ndani kulikuwa na mashine ya kutoa kopi, harufu ya karatasi moto, na mwanamke wa makamo aliyevaa miwani, akibana vyeti vya watu kwa pini. Juu ya meza kulikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Shikamoo," alisema Idarusi, sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyopanga.

"Marahaba, Idarusi. Karibu kiti. Mama hajambo? Ile homa imemwacha?"

Akasimama kama mti. "Umejuaje mama anaumwa?"

"Uliandika. Jumanne. Ukaweka na picha ya dawa zake." Akamimina chai ya tangawizi. "Najua mlango wenu ni wa njano, najua upo nyuma ya msikiti, najua mama anatoka nyumbani alfajiri na nyumba inabaki tupu ukienda kazini. Najua umevunjika jino la huku kushoto. Mimi si mwizi, mwanangu, lakini wezi nao wana simu."

"Katika ushairi tunajitaja," alisema Idarusi, akijikaza. "Ni mila. Anayejificha anaogopa."

"Ni mila, ndiyo. Nimelelewa nayo, imenilea kabla yako. Lakini zamani ulijitaja kwa watu wa gazeti, na anayetaka kukujia ubaya inabidi apande gari." Akamsogezea kikombe. "Na kuogopa naogopa. Sikatai."

"Unamwogopa nani?"

Asmahani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Simwogopi. Naogopa kumpoteza tena. Mjomba wako hakukwambia baba yangu ni nani?"

"Sikumpa nafasi."

"Ni Suleimani. Huyo mnayemwita mzee."

Idarusi aliweka kikombe chini kabla hakijafika mdomoni.

"Nilipoolewa na Wilfred, baba alisimama mbele ya watu akaapa hatanena nami, wala jina langu halitapita mdomoni mwake. Na wewe unajua viapo, unavipenda. Hajavunja hata siku moja. Wanangu wamezaliwa hajawaona. Halafu akaanzisha hilo Baraza lenu. Nikaomba kuingia, nikajiita Chachandu. Nikatuma beti tatu. Akanijibu." "Ananisahihisha vina. Ananitania. Ijumaa iliyopita aliniandikia, 'Mungu akuzidishie, ewe usiyejulikana.' Tangu nimeolewa sikuwahi kuombewa dua na baba yangu. Sasa naombewa karibu kila wiki."

"Akijua ni wewe je?"

"Akijua yeye peke yake, sijui. Wakijua watu, najua. Kiapo alikila mbele ya watu, mbele ya watu atakilinda. Ataniondoa, na hataandika tena neno. Huyo ni mtu kama wewe, Idarusi. Kichwa kimoja."

Simu ya Idarusi ilikuwa imelia mfululizo mfukoni. Akaitoa. *Maramba kuna nani?* aliandika Anold, *na pikipiki yangu ina mafuta?* Ernesti akafuata: *Taja, taja, tunangoja.* Asmahani alinyoosha mkono, akaitazama ile picha, na Idarusi akaona rangi ya uso wake ikibadilika. Juu ya bega la Idarusi, katika picha, kibao cha duka kilisomeka vizuri kabisa: WILFRED STESHENARI, MARAMBA.

Alipojipiga picha hakukiona. Alikuwa anautazama uso wake mwenyewe.

Aliifuta kwa wote, haraka, kidole kikiteleza. Lakini alijua kufuta ni kufagia baada ya kuku kuondoka na mchele. Kabla ya kufuta alikuwa ameangalia nani wameisoma, na jina la Mzee Suleimani lilikuwemo.

"Wengine hawamjui Wilfred," alisema Asmahani polepole. "Baba anamjua."

Idarusi alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe dogo. Alikunywa chai yote ikiwa ya moto, kama adhabu.

"Ijumaa sitakutaja," akasema.

"Utapoteza Upanga."

"Nimesema sitakutaja."

Alirudi Tanga bila ubeti hata mmoja kichwani, jambo ambalo halijawahi kumtokea juu ya pikipiki.

Ijumaa baada ya alasiri Baraza lilijaa kama siku ya harusi. Hata wasioandika waliingia kuchungulia. Idarusi alikuwa amekaa karakanani, kofia ya kuchomelea imesukumwa juu ya paji. Jina alikuwa nalo, na la baba mtu pia, yote mawili kwenye ncha ya kidole, na kwa mara ya kwanza angekuwa amemshinda Chachandu mbele ya Tanga nzima. Aliuma meno. Akaandika kwa herufi ndogo:

"nimetafuta, nimefika hadi maramba, sikumpata. chachandu kanishinda. upanga nimeuweka chini."

Akabonyeza. Ikawa kama kumwaga maji kwenye chuma chenye moto, mvuke kila mahali. Anold alimwita Kisu cha Siagi. Ernesti akatunga ubeti juu ya mtu aliyekwenda Maramba kununua ndizi. Mtu wa Pangani asiyemjua hata kwa sura alimpigia simu moja kwa moja kumcheka, kwa kuwa namba ilikuwapo katika beti zake. Idarusi aliweka simu kifudifudi, akachukua mkate wa kumimina uliobaki mchana, akaula wote. Hakujibu.

Mzee Suleimani hakuandika kitu siku hiyo. Kesho yake asubuhi alimwita nyumbani.

Idarusi alimkuta sebuleni, amevaa kikoi na fulana, redio ikiwa imezimwa. Mzee alikuwa mwembamba, na masikio makubwa, na Idarusi aliyatambua masikio yale mara moja, maana alikwishayaona chini ya mtandio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Umepoteza jina."

"Nimelipoteza."

"Kwa uzembe au kwa kukusudia?"

Idarusi akatazama vidole vyake. "Sikumpata Chachandu, mzee."

"Hilo umeliandika, nimelisoma." Mzee alikuna goti. "Maramba kungali na baridi?"

"Kuna kiubaridi."

"Na huyo mwenye duka ulilosimama mbele yake. Yu mzima?"

Swali lilikuwa dogo, lakini kulijibu kungekuwa kumtaja. Alikuwa ameahidi. "Mwenye duka gani, mzee? Mimi sikujua hata..."

"Sijakuuliza jina," alisema Mzee Suleimani. "Jina usinitajie, na mimi sitakutajia. Mizani za mtu nilizozipanda mwenyewe nitashindwa kuzijua? Nilizijua tangu ubeti wa kwanza. Nakuuliza, yu mzima?"

Idarusi alijibu.

"Mzima."

"Amenenepa?"

"Kidogo. Anavaa miwani."

"Miwani," alisema mzee, kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali sana. "Macho ya mama yake hayo. Watoto?"

"Sikuwaona, mzee. Walikuwa shule. Niliona viatu vyao vingine kwenye mlango wa nyuma ya duka."

"Vikubwa?"

Idarusi alifikiri, akataka kusema kweli kabisa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Jozi moja ni vikubwa kama vyangu. Nyingine ya msichana, bado vidogo."

Mzee Suleimani aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, macho yako sakafuni, kana kwamba viatu vile vimewekwa pale.

"Mwambie..." alianza. Akaichukua simu yake mezani, akaitazama, akairudisha. "Hapana. Usimwambie kitu. Nitamjibu Ijumaa, kama kawaida yetu." Halafu akainua uso. "Eleza tena hivyo viatu. Vya yule mkubwa ni vya kamba au vya kuvaa tu?"