Mtoaji Amefariki

Kazi yangu ni kuandika bili za maabara ya kulinganisha tishu. Mtu akitaka kupandikizwa figo, vinasaba vyake hupimwa, na vya mtoaji pia, na kila kipimo nakipa namba yake ili bima walipe. Mtoaji hana kadi. Vipimo vyake huingizwa kwenye kadi ya mpokeaji, naye hubaki tarakimu pembeni mwa ukurasa. Nilifanya hivyo miaka mingi, tena kwa maringo, mpaka kitinda mimba wangu alipoanguka kutoka kwenye ghorofa walilokuwa wakilijenga.

Nilikubali figo zake zitolewe. Baba yake hakukubali, na hadi leo tunalala tumepeana migongo. Pale kitandani kwake hospitalini niliona lebo ikibandikwa kwenye chupa ya damu, na macho yangu, kwa mazoea ya kazi tu, yakaisoma. Juma lililofuata tarakimu zile zile zikatua mezani kwangu.

Tangu hapo mwanangu huja kazini. Maabara huhifadhi seli za mtoaji kwenye friji la chini, huzitoa na kuzichanganya na damu ya mpokeaji, waone kama mwili umeanza kumpiga vita mgeni. Kwa hiyo mtoto wangu yumo kaburini, yumo frijini, na yumo tumboni mwa mtu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini hawakusema mzazi afanye nini mwana akirudi kama tarakimu. Nikikaa asubuhi nahisi ameegemea kiti changu kwa nyuma, ananuka saruji. Sigeuki. Nikigeuka ataondoka, na sitaki aondoke.

Mwanzoni kipimo kile kilikuja kwa nadra. Halafu kikaanza kufuatana. Sihitaji kuona majibu. Daktari hasumbuki na figo iliyotulia. Mwanangu alikuwa anakufa mara ya pili, na mimi nachapa bili.

Siku moja nilikwenda kunywa chai, na mwenzangu tunayemwita Mwendokasi, kwa anavyochapa bila kutazama, akatuma kipimo kile kwenye nafasi ya mtoaji badala ya mpokeaji. Bima ikajibu papo hapo: mhusika amefariki, hatulipi.

Jibu hilo lilimfikia na mwenye kadi kwenye simu yake. Kesho yake akasimama dirishani kwangu, mwanamume wa makamo, tepu ya kupimia nguo shingoni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuthibitisha kwamba sijafa."

Mwendokasi alicheka hadi akashika mbavu. Sheria ya kazi inanikataza kumwambia figo ile ni ya nani.

"Marahaba," nilisema. "Ni kosa letu. Narekebisha sasa hivi."

"Wala usijisumbue, mama. Vipimo naacha. Hata dawa nimeshaziacha."

"Umeacha dawa?"

"Zinanitetemesha mikono. Fundi gani huyo asiyeweza kutunga uzi sindanoni? Wateja wananikimbia. Afadhali nife nikiwa fundi."

Afadhali nife! Nilitamani kumzaba kibao.

"Hufi peke yako!" nilimfokea.

Mwendokasi akaacha kuchapa. Fundi akanitazama, kisha akainamisha kichwa. "Kweli, mama. Nina watoto."

"Dawa ziko wapi?"

Akazitoa mfukoni. Anatembea nazo, mpumbavu yule, na hazimezi.

"Meza. Uzi nitakutungia mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alikunywa maji kwenye glasi yangu. Nililitazama koo lake mpaka kidonge kikashuka.

Sasa nikitoka kazini napita kibandani kwake. Namtungia sindano za vifungo na za mapindo, nazichomeka kwenye kimto chake, yeye anapiga soga za wateja wake wabishi. Kipimo bado kinakuja. Hata juma hili kimekuja. Baba wa marehemu hajui ninakochelewa. Mimi hukaa upande wa kulia wa fundi, upande waliomshonea figo. Nikiondoka naaga mara mbili. Fundi hucheka, husema uzee umeanza kunipitia. Namwacha acheke.