Simu Iliyokatwa Kabla ya Ijumaa

Fawaz hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Angekuwa mbaya, mambo haya yasingemkosesha raha hata kidogo.

Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, ya kuzungusha kwa kidole, imekaa sebuleni kwao pale Voi tangu marehemu baba yake alipoipata baada ya kuingoja miaka sita. Mama yake, Bi Mwanaesha, aliifunika kitambaa cha kufuma na kuifuta vumbi kila Jumamosi. Mtaa mzima ulipigiwa simu humo. Mwenye kijana wake Mombasa, mwenye shemeji Nairobi, namba ni hiyo hiyo moja. Ikilia, Bi Mwanaesha anapokea, anasema "ngoja kidogo, usikate," anatoka nje kuita, na punde kuna mtu mlangoni anahema na ndala zake mkononi. Fawaz alikula chakula chake cha mchana miaka ishirini huku watu wasiomhusu wakipokea habari za misiba na harusi karibu na sahani yake. Alichoka. Wewe usingechoka?

Halafu kila mwezi ada ya laini, upige usipige. Kwa hiyo mwaka wa tisini na tisa, simu za mkononi za kadi zilipoanza kusikika huku kwetu, Fawaz alikuwa wa kwanza mtaani kuteremka Mombasa kununua. Hakuna bili, hakuna fomu. Unanunua kadi, unaikwaruza, unaongea mpaka iishe, na kupigiwa ni bure. Nyumbani ilishika mahali pamoja tu, kwenye ngazi za nyuma karibu na tangi la maji, lakini ilishika.

"Mama, hii nyeusi tuirudishe kwa wenyewe," alisema.

Bi Mwanaesha hakubisha. Aliikunja leso yake mapajani, akafikiri. "Irudishe. Lakini Ijumaa ya kwanza ipite. Mama Dinah ampe mwanawe namba mpya kwanza. Umenisikia, Fawaz?"

"Nimesikia, mama."

Mama Dinah, jina lake Mbithe, alikuwa mjane mfuga mbuzi wa Marungu. Binti yake wa pekee, Dinah, aliwasaidia kina Fawaz kazi za nyumbani miaka minne kabla ya kupata kazi kama hiyo Dammam, Uarabuni. Tajiri wake wa huko alimruhusu kupiga simu mara moja kwa mwezi: Ijumaa ya kwanza, saa kumi alasiri. Namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ile moja. Barua alizoandikiwa hazikujibiwa hata moja, na hakuna aliyejua kama zilimfikia. Basi kila Ijumaa ya kwanza Mbithe alifika mapema, amevaa leso safi, amebeba kunde au mayai ya kumpa Bi Mwanaesha, akaketi mkekani karibu na kile kimeza. Simu hakuigusa mpaka ilie.

Sasa sikiliza kosa la Fawaz. Voi nzima ilijua mwendo wa watu wa simu: laini yako ikifa, unaripoti, unakumbusha, unabembeleza, na fundi anatokea baada ya miezi miwili. Jumanne ile ya Novemba alikuwa na shughuli zake mjini, akapita mbele ya ofisi yao, akaona hamna foleni. Akajiambia, nikijaza fomu leo watakuja kukata Krismasi. Ijumaa iko hapa tu, itapita zamani. Akajaza, akatia sahihi, akaenda kununua mchele.

Alhamisi jioni aliinua mkono wa simu. Kimya. Akabonyeza pale pa kukatia, akasikiliza tena. Kimya kabisa! Watu wasiowahi kufanya lolote kwa wakati walikuwa wamemaliza kwa siku mbili. Mama yake alikuwa jikoni, anaimba kaswida kwa sauti ya chini. Fawaz alitakiwa aende amwambie pale pale. Badala yake aliirudisha simu taratibu na kuifunika kitambaa.

Ijumaa Mbithe alikuja na kuku mzima.

"Huyu ni wa shukrani," alimwambia Bi Mwanaesha. "Mkataba wa Dinah unaisha Desemba. Leo ataniambia anarudi tarehe gani. Nimeshapaka chokaa chumba chake."

"Alhamdulillahi," akajibu Bi Mwanaesha. "Fawaz, muongezee chai mamako."

Fawaz akamuongezea chai. Ikafurika kwenye kisosi, na Mbithe akamtania kwamba anahitaji mke. Ikafika saa kumi. Ikafika kumi na moja. Mbithe aliitazama simu kama unavyotazama chungu kinachokataa kuchemka. Fawaz alijua kwamba angeweza kuitazama mpaka mwaka elfu mbili isilie, na bado akasema, "Labda laini za huko ni mbovu leo." Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mbithe alisubiri hadi adhana ya magharibi, kisha akafunga leso yake vizuri na kuinuka.

"Labda tajiri amekataa," alisema. "Mungu yuko."

Asubuhi yake, Jumamosi, Bi Mwanaesha alifuta vumbi. Aliinua mkono wa simu, akauweka sikioni, akageuka.

"Tangu lini?"

Fawaz akamwambia. Mama yake hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Yule mwanamke amekaa hapa kwenye mkeka wangu, nami nikampa chai, kumbe tunamchezea shere," alisema. "Kuku wake yuko uani. Sitamla. Utakwenda Marungu umwambie kwa kinywa chako."

Kabla ya kwenda, Fawaz alitoka hadi kwenye ngazi za nyuma na kuipiga namba yao ya zamani kwa simu yake mpya. Ikalia! Mara ya nne ikapokewa. "Hudson hapa, yadi ya mbao, nikusaidie na nini?" Hudson alikuwa ameingoja laini miaka mitano, kila wiki yuko pale ofisini akiuliza, na yao ilipoachiliwa tu akapewa, namba na yote. Fawaz alimweleza shida. Hudson hakusita. "Mlete huyo mama Ijumaa ya kwanza. Nitazima misumeno."

Basi Jumapili akaenda Marungu. Njia nzima aliyapanga maneno. Mbithe alimpokea vizuri, akamwonyesha kile chumba chenye chokaa na kitanda kipya cha kamba. Fawaz akasema simu iliharibika, kwamba namba imehamia kwa Hudson, na kwamba mwezi ujao atampeleka huko mwenyewe. Simu iliharibika, ndivyo alivyosema. Ulimi wake ulikataa kwenda mbele zaidi ya hapo.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba misumeno ilizimwa saa kumi kasorobo. Mbithe aliketi juu ya rundo la mbao, na unga wa mbao ukamganda kwenye leso safi. Saa kumi na dakika sita simu ikalia, na Hudson akampa.

Walizungumza Kikamba. Fawaz, aliyewauzia Wakamba sukari dukani maisha yake yote, alikisikia vizuri. Mbithe alikuwa na desturi ya kurudia kwa sauti kila alichoambiwa.

"Ulipiga? Mara tatu? ... Haikulia, mwanangu, iliharibika. Niko mzima, sijafa... Karatasi gani?"

Akaubana mkono wa simu sikioni.

"Ya kurudi au kubaki. Ulitaka kuniuliza mimi... Walitaka jibu siku ile ile. Ukadhani nimekufa, urudi kwa nani... Ukatia sahihi. Miaka miwili."

Hudson alitoka nje. Fawaz alitamani kumfuata, akabaki.

"Basi," alisema Mbithe. "Basi, usilie. Umekula leo?"

Kisha akatoa karatasi aliyoandikiwa na Fawaz, akamsomea binti yake ile namba mpya ya simu ya mkononi ya Fawaz, tarakimu moja moja, mara mbili. Alipokata, alikaa ameushika mkono wa simu mapajani. Baadaye akamshika Fawaz mkono.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Bila wewe leo pia nisingemsikia."

Hilo ndilo lililomshinda. Angemtukana angevumilia.

"Mama Dinah," alisema, "simu haikuharibika. Niliikata mimi. Nilijaza fomu Jumanne ile, kabla ya Ijumaa yako. Nilijua unakuja. Nilijua imekufa, nikakuacha umekaa pale. Nisamehe."

Mbithe aliuachia mkono wake. Alipangusa unga wa mbao kwenye leso, polepole, mpaka ukaisha wote, kisha akatazama mfuko wa shati la Fawaz, pale simu mpya ilipojitokeza.

"Na hiyo utaikata lini?" aliuliza. "Niambie mapema, nimwambie mtoto."