Jina Alilolihifadhi Burulcha

"Mwanangu, ni jina ambalo mama humpa mtoto akiwa amekwisha kuzika watatu," Burulcha alisema mara ya pili alipoulizwa jina la mumewe.

"Ndiyo mama. Tursun." Meerim, karani wa bima mpya ya serikali, akainamisha kalamu.

"Siyo Tursun."

"Turar?"

"Unakaribia, lakini siyo."

Wanawake waliopanga foleni ya kadi katika darasa la shule wakacheka. Walioolewa kijijini pale hawatamki majina ya waume zao, wala ya shemeji wakubwa, na kuyaandika ni sawa na kuyatamka. Burulcha alikuwa amemwita wake "mwenye nyumba" na "baba yao" kwa miaka arobaini na moja. Pasipoti ya mzee huyo, yenye jina lake, imepelekwa mjini kubadilishwa tangu masika, haijarudi. Mzee mwenyewe alikuwa amelala nje, kwenye lori la kijiji jirani ambalo dereva wake hakumjua kwa jina, amefunikwa ngozi za kondoo, tumbo limefunga siku ya tatu, na tangu alfajiri haitiki akiitwa. Bila kadi ya bima, hospitali ya wilaya haitampasua.

Meerim akawatazama wengine. "Nani atanitajia?"

"Usituangalie sisi," alisema Zuura, mke wa mdogo wa mzee. "Sote tumeolewa ukoo huu, na wanaume wako malishoni na kondoo. Muulize mbwa!"

Meerim hakucheka. "Mama, nikikosea jina, watasema kadi si yake. Watamrudisha."

Burulcha akatoka. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Akamfunika vizuri mabegani, akasoma bismillahi.

"Mwenye nyumba, unisamehe," alimnong'oneza. Kisha akageukia dirisha la darasa, akapaza sauti:

"Toktosun!"

Maana yake ni "na abaki." Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, aliomba hivyo akiwa na kitoto kichanga mikononi. Burulcha alilijua siku zote, lakini hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake mwenyewe. Akarudia, na sasa hakuwa akimwambia karani.

"Toktosun. Toktosun."

Ngozi zikatikisika.

"Nipo," mzee alisema, sauti nyembamba. "Mbona unapiga kelele, bibi? Watu watatucheka."

"Wacheke."

Meerim akaja mbio na kadi, wino haujakauka. Burulcha, asiyejua kusoma, akamwomba amsomee. Alipolisikia jina likiwa sawa, akaitia kadi kifuani, akapanda lorini, akakipakata kichwa cha mumewe.

"Haya, dereva, twende."

Lori likaondoka. Walipofika kwenye daraja, mzee akafumbua jicho moja.

"Lirudie."

Akainama sikioni mwake, akalirudia.