Mwenyeji Kwenye Beseni

Mimi ndiye niliyewaleta kuhol, konokono wa dhahabu, kwenye majaruba ya kijiji chetu. Nalisema mwenyewe mapema, kabla wifi yangu Pacita hajakuwahi. Pacita akimpata mgeni, hata aliyesimama kuuliza njia tu, lazima aninyooshee kidevu na kusema, "Huyu Tomasa ndiye aliyewaleta." Amelisema hilo kwa miaka thelathini na minane, harusini, msibani, na mara moja tukiwa kwenye foleni ya kupiga kura.

Na ni kweli. Nilikuwa bibi harusi, nikashuka bondeni kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko, nikarudi na debe la konokono wa rangi ya dhahabu. Kule chini kila mtu alikuwa akiwasifu: kitoweo kipya, wanene, wanazaa haraka, mwenye nao halali njaa. Niliwamwaga kwa mkono wangu kwenye jaruba la mama mkwe, nikasimama pale kwenye tuta nikisubiri kusifiwa. Mwaka wa kwanza tuliwala tukafurahi. Kufika mwaka wa tatu walikuwa wanakata miche ya mpunga usiku mmoja, jaruba zima, na konokono wetu wa asili, ginga, yule mweusi mtamu aliyepikwa na tangawizi, hakuonekana tena.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya kupandikiza, tunashuka kwa zamu jaruba kwa jaruba kuwaokota kuhol na kuwaponda. Tunachomeka vijiti vya mwanzi majini ili waje watage juu yake, kisha tunapita tukikwangua yale mayai yao ya waridi. Watoto wetu hujua kukwangua mayai kabla hawajajua kuandika. Jicho likiona tu shada la mayai kijitini, kidole gumba kinapita chenyewe.

Mwaka huu tulianzia juu kabisa, kwenye mfereji wa chemchemi. Pacita, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi, alimwaga ndoo yake juu ya jiwe bapa, akashika jiwe la kupondea. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili. Katikati ya lile rundo nikamwona mmoja ambaye hakuwa kama wenzake. Alikuwa mdogo, saizi ya popoo tunayotafuna kwenye tambuu, mweusi mwenye kijani kwa mbali, na mdomo wa gamba lake ulikuwa umemeguka. Jiwe la Pacita lilikuwa tayari hewani. Nikaweka kiganja changu juu ya yule konokono.

"Toa mkono, wifi. Nitakuvunja vidole."

"Vunja," nikamwambia.

Hakuvunja, ila alinitazama kwa muda kama mtu anayepima. Nikamchukua yule mdogo, nikamfunga kwenye pindo la sketi yangu, nikasema huyu ni ginga. Wanawake wote wakaacha kazi. Pacita akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema kuhol weusi wapo tele, amekwisha kuwaponda kwa maelfu, na tope la miaka yote hiyo lingenigeuza rangi hata mimi. Akanikumbusha pia, kana kwamba nilikuwa nimesahau, kanuni ya kikundi: hakuna kuhol kukaa hai kwenye nyumba ya mtu. Na akamalizia kwamba kama kuna mtu mmoja kijijini asiyepaswa kubeba konokono kwenda naye nyumbani, mtu huyo ni mimi.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema mbele yao wote kwamba nitamfuga mpaka zamu ya jaruba langu ifike, siku ishirini na mbili. Nikionekana mwongo, nitamponda mwenyewe hadharani, na Pacita anitangaze mpaka kaburini, sitafungua mdomo. Nikionekana mkweli, atanyamaza. Akakubali haraka mno, na njia nzima ya kurudi nilijiuliza nimejitia katika nini. Maana kama alikuwa kuhol jike, na akanitoroka akaingia mferejini, ningekuwa nimewaleta mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto mjinga. Mara ya pili ningekuwa nani?

Nilimweka kwenye beseni la bluu la kufulia. Chini nikatandaza tope la jaruba, nikajaza maji ya chemchemi, si ya bomba, kwa kuwa ya bomba hutiwa dawa. Upande mmoja nikamjengea ukingo wa udongo ili apate pa kupanda, na juu nikafunika kwa ungo na kuuwekea jiwe, kwa sababu ya bata wa Pacita ambao hawana adabu kama mwenyewe. Nilimpa matembele machanga na vipande vya boga la kuchemsha. Kwa ajili ya lile gamba lililomeguka nilisaga maganda ya mayai ya kuku nikamnyunyizia. Siku mbili alijifungia hakutoka. Siku ya tatu akatoa pembe zake, kisha mrija wake wa kuvutia hewa, akauinua mpaka juu ya maji, akapumua. Nilifurahi nikajiona mpumbavu, nikaendelea kufurahi hivyo hivyo. Nikampa jina: Mwenyeji.

Mtu pekee aliyebaki kijijini aliyewahi kupika ginga sufuria kwa sufuria alikuwa ndani ya nyumba yangu. Mama mkwe wangu, Mama Lingayu, ana miaka tisini na kitu na macho yake yalizimika zamani. Tangu mume wangu afariki, tunaishi wawili. Nikamweka Mwenyeji kiganjani mwake. Akampapasa gamba, akampindua, akatafuta kile kifuniko ambacho konokono hujifungia mlango. Akakigonga kwa ukucha. Kisha akamwinua mpaka mdomoni na kukigonga kwa jino lake la mwisho.

"Hawa wako wa dhahabu wanafunga mlango kwa ngozi," alisema. "Unabonyea. Ginga anafunga kwa jiwe. Sikiliza."

Akagonga tena, na kweli kililia kama kigae. Nilimkimbilia Pacita na habari hiyo. Akanisikiliza akichambua mchele, kisha akaniambia kwamba anampenda mama yake kuliko mtu yeyote duniani, lakini juzi mama yake alimkaribisha msomaji wa habari wa redioni ale wali. Nilimwambia aje agonge mwenyewe. Alikuja, akambonyeza kwa kidole kinene, Mwenyeji akajivuta ndani kabisa, na kifuniko kidogo kama punje ya mahindi kikazama asiweze kukifikia. Akasema hawezi kubadili kanuni ya kikundi kwa jino la mama yake. Akataka mayai. Kuhol hutaga ya waridi, ginga alitaga meupe. Hilo hata yeye alilikumbuka.

Basi nikachomeka kijiti cha mwanzi kwenye beseni, nikasubiri. Sikujua kama ni jike. Kama ni jike, sikujua kama amewahi kukutana na dume. Kila asubuhi nilikuwa nikifunua ungo, nikibadilisha nusu ya maji, nikitoa matembele yaliyooza, nikikitazama kile kijiti. Siku zikapita tisa, kumi, kumi na moja. Lile gamba lililomeguka likaanza kuota ukingo mpya, mwembamba, wenye rangi ya chai.

Siku ya kumi na mbili niliamka na mgongo unauma, uji umefurika jikoni, Mama Lingayu ananiita. Nilifunua ungo, nikashika kijiti ili nimwage maji, na kidole changu gumba kikapita. Kilipita chenyewe, juu hadi chini, kama kilivyopita kwa miaka thelathini na minane. Nilihisi kitu kinapasuka laini chini ya ngozi. Nilipotazama, kijiti kilikuwa kitupu, na gumba langu lilikuwa limepakwa kitu cheupe kama chokaa.

Niliketi sakafuni nikalia. Sioni haya kulisema. Niliwamaliza wazazi wao kwa debe, na sasa watoto nimewafuta kwa kidole.

Pacita alipokuja na kukiona kile kidole hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba nami najua kama yeye anavyojua: mayai ya kuhol yakikaribia kupasuka hupauka, na aliyeyakuta yamepauka hawezi kuapa yalikuwa na rangi gani siku ya kwanza. Nikamwambia jana jioni kijiti kilikuwa kitupu. Akaniuliza nina hakika nilitazama pande zote. Sikuwa na hakika.

"Achana naye, Tomasa," akasema. "Mponde leo, hakuna atakayekuona. Nitawaambia alikufa."

Nadhani alikuwa ananihurumia. Nikamjibu kwamba zamu yangu bado siku kumi, na kwamba atakapoondoka aufunge mlango vizuri, bata wake wasiingie.

Kuanzia hapo nilijitia kitambaa chekundu kwenye kidole gumba, nikakifunga kwa fundo, nikala nacho na kufua nacho, ili kikumbuke. Nilimwongezea Mwenyeji maganda ya mayai na majani machanga ya papai, kwa sababu Mama Lingayu alisema aliyetoka kutaga anahitaji kulishwa kama mzazi. Kila jioni nilikizungusha kijiti pande zote nne mbele ya Mama Lingayu na kumtamkia kwa sauti kwamba ni kitupu, naye akaitikia. Nilitaka shahidi, hata kama ni yule wa kumkaribisha msomaji wa habari.

Siku ya zamu yangu iliwadia bila yai hata moja. Kama ilivyo desturi, mwenye jaruba ndiye huwalisha watu kabla ya kazi, kwa hiyo tangu alfajiri nilikuwa jikoni na wali na maharage. Pacita alitangulia wenzake ili anisaidie kupakua. Aliliona beseni, akaliona na lile jiwe la kupondea nililoliweka pembeni. Nilikuwa nimeliweka mwenyewe. Niliahidi, na ahadi si kitu cha kupepesa macho.

"Kabla hawajafika," akasema, "nifunulie nimtazame."

Nikautoa ungo. Mwenyeji alikuwa amepanda kijiti, nje ya maji kabisa, amekumbatia mwanzi kwa mguu wake mzima. Mwanzoni nilidhani amelala. Kisha Pacita akashusha pumzi, nami nikaona. Pembeni mwa gamba lake kulikuwa na mayai manne. La tano lilikuwa linapanda taratibu juu ya mwili wake, limelowa, linang'aa, likafika likajipanga pembeni ya mengine. Lilikuwa jeupe. Lilikuwa limetoka sasa hivi mbele ya macho yetu, na lilikuwa jeupe kama maziwa.

Halafu nikaona mkono wa Pacita unanyooka. Simlaumu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na bado kidole gumba kilikuwa kinakwenda, kimekunjwa vilevile tunavyokikunja. Nikamdaka kiwiko, kisha kiganja, nikamshika kwa nguvu mpaka akageuka kunitazama. Akaona kidole chake kilipofika. Akakificha ndani ya ngumi, akaiweka ngumi kwapani.

Tulikaa hapo hata uji wa Mama Lingayu ukaungua. Lilipofika la kumi na tisa, Pacita akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, atatagaje mayai yenye uhai kama hajapata mume. Nikamwambia sijui kama yana uhai. Lakini tayari alikuwa anawaza mbele yangu, niliona usoni. Kama mume yupo, yuko kwenye mfereji wa chemchemi. Na ndoo yote ya mferejini, yeye ndiye aliyeiponda siku ile, wote isipokuwa mmoja.

Wenzetu walipofika, Pacita hakuwaruhusu kula kwanza. Aliwapanga mstari mbele ya beseni, mikono nyuma ya mgongo kama watoto wa shule, wakatazama mmoja mmoja. Kisha akawaambia kwamba kuanzia leo hakuna kuponda kabla ya kugonga kifuniko kwa ukucha, kila konokono, hata kama kazi itachukua siku tano badala ya moja. Mmoja akanung'unika. Pacita akamwuliza kama ana pengine pa kwenda.

Sisi wawili tulibaki jikoni kupakua. Mama Lingayu, aliyekuwa amesikia zogo, akauliza kutoka kwenye kiti chake kuna nini huko nje. Pacita akamjibu kwamba ginga wamerudi, mama, mmoja anataga sasa hivi, mayai meupe. Kikongwe akatafuna hewa kidogo. Akauliza nani aliyemleta.

Pacita alisimama na mwiko mkononi. Nilijua sentensi hiyo inavyokwenda, nimeisikia nusu ya maisha yangu, na mwili wangu ukajikaza kuipokea kama kawaida.

"Tomasa," akasema. "Huyu Tomasa ndiye aliyemleta."

Nikageukia jiko nikaanza kukwangua chungu cha uji, kwa mkono wenye kitambaa chekundu, na sikutaka mtu yeyote aniseme kwamba nimechelewa kupeleka chakula.