Gauni Lililoingia Mtamboni

Fundi cherehani alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mkemia, na huyo mmoja alitosha kumnyima usingizi. Walizaliwa tumbo moja, wakanyonya ziwa moja, lakini tangu mdogo mtu aanze kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha taka za plastiki, nyumbani kwa mama yao hapakuzungumzwa lingine. Ndani ya kabati la vioo, mlimokuwa na vikombe vya wageni, sasa kilikaa kichupa cha unga mweupe.

"Huu ulikuwa chupa za maji na masweta mabovu," mama aliwaambia wageni. "Mwanangu kavichemsha pamoja na dawa zake, vikawa hivi. Wanautengenezea plastiki mpya."

Wageni walikitazama kichupa kwa jicho la kumtazama mtoto mchanga. Fundi, aliyekuwa akipindia pazia pembeni, alikata uzi kwa meno. Miaka yote aliyomvisha mama yule, hata kifungo chake hakikuwahi kuingia kabatini.

Jumamosi moja alimuuliza mama mbona halivai lile gauni la kijani la mikono mipana, alilomshonea la kuendea shughuli.

"Nilimpa mdogo wako," mama akajibu, macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Walitaka nguo za poliesta za kujaribia mtambo."

"Ukampa akalichemshe."

"Lilikuwa limenibana, mwanangu. Niliona haya kukwambia."

Fundi hakusubiri chai. Alikwenda moja kwa moja kiwandani, roho juu. Mdogo wake alimpokea getini kwa furaha, akamvisha kofia ngumu, akampitisha kwenye marundo ya chupa, vifungashio vya vyakula na nguo zilizokatwakatwa, hadi kwenye pipa kubwa la chuma lililokuwa likinguruma.

"Gauni la mama liko wapi?"

"Lilishaingia humu, dada. Kwani hakukwambia? Liliyeyuka vizuri ajabu. Tabu yetu ni pamba. Pamba haiyeyuki, inabaki matambara, tunaichuja na kuitoa."

Matusi yalikuwa yamemjaa mdomoni, lakini wanaume wawili wenye mvi walipita, wakamwinamishia mdogo wake vichwa: "Habari za kazi, bosi." Bosi mwenyewe aliitikia bila hata kugeuka. Wivu ukamzidi fundi, akavua kofia, akaondoka.

Njiani aliingia duka la vitambaa.

"Nipe pamba tupu," alimwambia muuzaji. "Isiwe na poliesta hata uzi mmoja."

Muuzaji akachomoa uzi, akauchoma kwa kiberiti. Ukawa majivu, haukuganda kama plastiki. Fundi akanunua palepale.

Alimpima mama upya, kifua na kiuno, na safari hii hakuna aliyeona haya. Gauni lilimkaa sawasawa. Mama akajitazama kwenye kioo, akageuka huku, akageuka kule, mpaka mboga ikaungua jikoni, na moyo wa fundi ukapoa kidogo.

Ndipo mkemia akaingia, akaushika mkono wa gauni, akaukagua mshono kwa nje na kwa ndani.

"Dada, mkono wako haujapata mwenzake. Na mimi nishonee basi."

"Nina kazi nyingi," fundi akasema, na wiki ile hakuwa na hata suruali moja ya kupunguza.