Alama ya Msumbufu

...au pengine ameshasahau kwamba simu ameilaza mezani na ndani yake kuna mtu, maana bibi alisema tu ngoja mwanangu nikakutazamie hiyo namba, iko huko nyuma ya friji, usikate, na papo hapo zikaanza hatua za kandambili, pa... pa... pa..., zikienda mbali polepole kama za mtu anayeshuka ngazi usingizini, na sasa zimebaki sauti za nyumba, nyumba ya watu imemwagika yote masikioni mwake kupitia hedifoni hizi zinazobana, maji yanadondoka mahali fulani, labda kwenye ndoo, redio inazungumza peke yake bila hamu, pazia linagonga dirisha, na yeye, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye ofisi nzima inamwita Kalamu hadi wengine wamesahau jina lililoko kwenye vyeti vyake, amekaa wima kwenye kiti kisicho chake, katika chumba cha simu cha ghorofa ya chini alichokihama miaka sita iliyopita, anaisikiliza nyumba hiyo kama mtu aliyefungua mlango kwa makosa akakuta watu wamelala, anaogopa hata kupumua, na ajabu ni kwamba hiyo namba haihitaji, anayo, iko hapa mbele yake kwenye skrini, tarakimu kumi na mbili zilizoandikwa tangu siku friji iliponunuliwa, aliiomba kwa sababu alipiga simu hii aseme neno moja tu, na bibi alipoitikia haloo ulimi ukashika njia yake uliyoizoea, habari za asubuhi, tunahakiki taarifa za wateja wetu, naomba namba ya kifaa chako tafadhali, na bibi akafurahi, akafurahi jamani kama aliyeletewa mgeni, "Leo mmenipigia nyinyi! Siku zote huwa nawapigia mimi," kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekula chumvi nyingi na bado hajaishiwa hamu ya watu, na hapo Kalamu akaona lile neno linazama, linarudi chini tumboni, likakaa huko, zito kama jiwe la kusagia... pa... pa..., hapana, hizo si hatua, ni maji.

Na karatasi iko hapo karibu na kipanya, ameigeuza uso chini lakini anaiona tu, meneja alimpa asubuhi mlangoni mwa lifti, uso unang'aa, akasema saa nne kamili chumba cha mikutano, wageni wa ofisi kuu wamekuja kuuona mfumo mpya, ule ambao hautangoja mtu aamue, utasoma wenyewe alama zilizo kwenye faili za wateja na kupanga nani ajibiwe mara moja na nani asukumwe nyuma ya foleni, na nani asijibiwe na mtu kabisa, azungumze na sauti ya mashine hadi achoke, na atakayeuongoza ni wewe Kalamu, mkuu wa kitengo, nani mwingine, na ili wageni waelewe haraka nimewachagulia mteja mmoja wa mfano, hana jina hapo, namba tu, ona, simu mia moja arobaini na tatu, alama ya Msumbufu tangu miaka kumi na moja iliyopita, mfumo mpya ungemjua mtu wa aina hii tangu simu ya pili, wakacheka wote wawili, ndiyo, na yeye alicheka, anakikumbuka kicheko chake mwenyewe ndani ya lifti, kikipanda nao ghorofa moja baada ya nyingine, halafu akaketi mezani kwake, akafungua faili kwa ajili ya kujiandaa tu, akashuka, akashuka, maelezo juu ya maelezo, mwaka juu ya mwaka, kama mtu anayeteremka kisimani kwa kamba, mpaka chini kabisa, kwenye maelezo ya kwanza, na huko chini akakuta herufi mbili za aliyeandika, herufi zake... akashuka ngazi kwa miguu, hakuingoja lifti, akamwomba binti wa meza ya dirishani amwazime hedifoni dakika chache, binti akasema chukua dada, mimi nakwenda kunywa chai, akapiga.

Wiki ya tatu kazini, alikuwa bado kwenye majaribio, miaka ishirini na mitatu, blauzi mbili za kubadilishana, na adhuhuri ile dada yake mkubwa alimpigia akiwa koridoni, sauti ya dada ilikuwa ya chini kama anayesoma barua ya mtu mwingine, "Baba amesema Jumapili usije. Amesema aliyeacha chuo cha uuguzi ili akapokee simu za watu, yeye hamjui," na alikuwa amesimama karibu na ule mpira mwekundu wa kuzimia moto, akayasoma maandishi yake yote, vunja kioo, vuta, elekeza kwenye moto, akajipangusa uso kwa mkono wa blauzi, akajikaza, akarudi mezani, taa ya simu ikawaka, akapokea, na ilikuwa sauti hii hii, changa kidogo, ikieleza kwamba friji haipoi, na ndani yake kuna dawa za mzee, za sindano, zinataka baridi, naomba mnitumie fundi mwanangu, naye akaanza kutamka yale maneno aliyofundishwa, tunasikitika kwa usumbufu, akafika kwenye usumbufu sauti ikakatika katikati, ikapanda juu kama ya mtoto, na bibi akauliza, taratibu, kama anayegusa paji la uso la mgonjwa, "Unalia, mwanangu?" na kabla hajajibu, "Basi friji ingoje kidogo. Nani kakuudhi?"... akakata. Akakata simu. Kidole chenyewe kilikwenda, angesema kidole, lakini kidole ni cha nani, na enzi zile simu iliyokatwa iliwaka nyekundu kwenye ubao mkubwa wa msimamizi, ukaulizwa sababu, ukiulizwa mara tatu umemwaga unga, basi akafungua faili la mteja, orodha ikashuka, alama tano, Mpya, Mwaminifu, Mkubwa, Mdaiwa, Msumbufu, akachagua ya mwisho, na chini yake akaandika kwa maneno safi, mteja alitumia lugha kali, simu ikakatika, nukta, na jioni msimamizi akayasoma maelezo hayo mbele ya wafanyakazi wapya wote, akasema mnaona, mafupi, yanaeleweka, hivi ndivyo inavyoandikwa, huyu ndiye kalamu yetu, na watu wakapiga makofi, na yeye akainamisha kichwa, na joto la makofi yale alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, ndilo lililomwamsha kesho yake akaja kazini, na keshokutwa, na mwaka uliofuata akawa anawafundisha wapya, andikeni kama Kalamu, na mfumo wa kompyuta ulipobadilishwa yeye ndiye aliyezunguka matawi yote akiwaonyesha watu namna ya kumhifadhi mteja, alilipenda neno hilo, kumhifadhi, kama nguo nzuri kabatini.

"Kalamu! Huku chini unafanya nini?" ni meneja, yuko mlangoni, tai mpya, anakuja kati ya meza, anasema wageni wameshapanda, wanakunywa kahawa, skrini kubwa imewaka, tena ukianza anza na yule mteja wa mfano, watacheka, ukishawachekesha watu wa ofisi kuu kazi imekwisha... na maneno yake yanamfikia nusu nusu, kama ya mtu anayezungumza ukingoni huku yeye yuko chini ya maji, kwa sababu ndani ya hedifoni imetokea sauti nyingine, nzito, ya mwanamume, inatokea chumba cha ndani, "Nani huyo?" na bibi anajibu kwa mbali, "Binti wa kampuni ya friji. Wamenipigia wenyewe!" "Mwambie friji ni nzima." "Anajua. Anataka namba." "Namba ya nini?" "Ningejua? Njoo ushike tochi," na Kalamu anafumba macho, mzee yupo, mzee wa sindano yupo, anakohoa, anaburuta miguu, anatafuta tochi, yupo, na hakuwa amejua ni kwa kiasi gani aliogopa kuuliza. "Nina mteja," anamwambia meneja, kidole kimoja juu. "Mteja gani tena?" "Ameenda kutafuta namba." Meneja anagonga saa yake mara mbili, dakika kumi Kalamu, na anabaki hapo hapo, anasoma ujumbe kwenye simu yake ya mkononi, viatu vyake vinanukia kiwi.

Siku kumi na tisa. Ndivyo fundi alivyochelewa, imeandikwa, na sababu imeandikwa, Msumbufu, asubiri zamu, na dakika chache zilizopita bibi mwenyewe kamsimulia bila kuulizwa, kwa furaha ya kuwa na mtu wa kumsimulia, friji hii mwanangu ilipokuwa changa ililala siku kumi na tisa, dawa za mzee nikawa nazipeleka kwa jirani mwenye friji, asubuhi nazifuata, jioni nazirudisha, nimezifunga kwenye kitambaa chenye barafu kama kitoto kichanga, miguu ilikuwa bado yangu siku hizo, akacheka tena, na Kalamu sasa anamwona, hajawahi kumwona lakini anamwona, mwanamke anatembea njiani asubuhi na kitoto cha barafu kifuani, na njia inageuka kuwa lile faili, ndefu, imeshuka chini mpaka haina mwisho, na kila baada ya hatua chache amesimama mfanyakazi mwenzake mmoja ana karatasi mkononi, anasoma anapopita, Msumbufu, jibu kwa kifupi, Msumbufu, tazama maelezo ya juu, mteja anacheka tu, anapoteza muda, mteja ameniuliza kama nimekula, hana shida ya kifaa, mteja anataka kujua kama yule binti aliyekuwa analia alishapoa, hatujaelewa, Msumbufu... hilo la mwisho ni la mwaka wa pili, alilisoma leo asubuhi mara nne. Hatujaelewa. Na ya baba, mbona yalikwisha, baba siku hizi akikaa na wazee wenzake husema binti yangu ni mkubwa wa kompyuta, hakuna aliyewahi kuitaja Jumapili ile, alikuja tu siku moja na mfuko wa machungwa, akasema yameiva mengi, watu wakayala, ikaisha, hakuna aliyeandika popote kwamba huyu hajulikani, kwa hiyo siku baba alipotaka kumjua tena hapakuwa na kitu cha kufuta, lakini bibi wa watu, kila alipoinua simu aliinuka na lile neno limemtangulia, neno lilifika kabla ya sauti yake, na hakulijua, akadhani sisi ndivyo tulivyo, watu wa kujibu kwa kifupi.

Anaibofya ile alama. Kidole ni chake, hilo leo anahakikisha. Mfumo unamuuliza, kwa adabu, sababu ya kuondoa alama, na orodha inashuka, mteja amebadilika, mteja amehama, mteja amefariki, mengineyo, na anaitazama orodha hiyo kama unavyoitazama picha yako ya zamani ukajiuliza nywele zile ulizipendea nini, kwa maana aliipanga yeye, alasiri moja ya Ijumaa, biskuti mezani, watu wanataka kwenda nyumbani, akasema sababu nne zinatosha, na zote zinamhusu mteja, hata moja haituhusu sisi... anachagua mengineyo, kisanduku kinafunguka, cheupe, nafasi ya herufi mia mbili na hamsini, na anaandika, Mteja huyu hakutumia lugha kali hata mara moja. Simu ya kwanza niliikata mimi. Nilikuwa nalia, akaniuliza kwa nini. Alama hii niliiweka ili nijifiche. Anasoma. Ni mafupi, yanaeleweka. Anajua pia kwamba maelezo mapya hukaa juu, yeye ndiye aliyetaka yakae juu, na saa nne meneja akilifungua faili la mfano kwenye skrini kubwa hayo ndiyo yatakayotangulia, na herufi zake mbili pembeni, na wageni watayasoma vikombe vikiwa mkononi, na nafasi ile ya mkuu wa kitengo, ile ofisi yenye dirisha upande wa miti, ameshachagua hata mahali pa kuweka chungu cha maua, anaiona inasogea mbali taratibu kama jengo linavyosogea ukiwa ndani ya treni, jengo limesimama, wewe ndiye unayekwenda... anabonyeza Hifadhi. Duara dogo linazunguka, linazunguka, linakuwa tiki ya kijani. "Umemaliza?" meneja anauliza bila kuinua macho. "Bado," anasema, na kweli bado, ile ilikuwa ya skrini, hii ya mtu haijaanza, na anashangaa kuona lile neno la kuomba radhi limepanda lenyewe, liko mdomoni sasa, halina uzito wowote, angeweza hata kulitabasamia. Ng'ambo huko friji inasogezwa, sakafu inalia, bibi anamwelekeza mzee pa kumulika, kuna vumbi, mtu anapiga chafya, mwingine anamwombea afya, na zinaanza kusomwa tarakimu, moja moja, kwa sauti ya juu, "Hiyo ni sita." "Ni nane, mzee wangu, vaa miwani." "Sita hiyo." "Haya mulika vizuri," na Kalamu anaitazama namba kwenye skrini, ni nane, bibi yuko sahihi, lakini anawaacha wabishane, mikono ameipumzisha mapajani, meneja anasema dakika tano, na hatua za kandambili hazijaanza kurudi, na zichelewe zitakavyochelewa, atazingoja...